Mgeni Niliyemsindikiza Siku ya Krismasi

Sitakuapia. Mtu anayeapa sana huwa ana wasiwasi na maneno yake mwenyewe, na mimi sina. Nitakueleza lililonipata kule Mkwajuni, mkoa wa Songwe, halafu utaamua mwenyewe. Ila nakuomba usifikiri lilikuwa usiku. Watu wakisikia habari za namna hii hutaka giza na bundi. Hili lilitokea mchana kweupe, siku ya Krismasi, watoto wamevaa nguo mpya, na mimi nimeshika mwiko.

Mimi ni Mtaita, kwetu Wundanyi, Kenya. Kazi yangu ni kufundisha chekechea. Mwaka aliofariki mama yangu niliona wazi kwamba Krismasi ya nyumbani sitaiweza. Ningekaa wapi? Kwenye kiti chake? Nani angekaanga vitunguu? Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda kujitolea Tanzania, kwenye kituo kidogo cha kulelea watoto kinachoendeshwa na akina mama wa kanisa, sikuuliza hata ni upande gani. Nilifunga begi, nikapita Taveta, nikakaa kwenye mabasi mpaka miguu ikavimba.

Kituo chenyewe kilikuwa nje kidogo ya Mkwajuni, njia ya kwenda Saza. Nyumba mbili za matofali ya kuchoma, jiko la nje, uzio wa minyaa, na nyuma ya uzio pori. Huko porini watu walichimba dhahabu zamani, wakaondoka. Mashimo yao wanayaita maduara, na mvua za Desemba zikianza nyasi huyafunika kabisa. Watoto walikatazwa kuvuka uzio. Mimi pia niliambiwa siku ya kwanza.

Aliyeniambia ni Mama Nzowa, mlezi mkuu, Mnyiha wa Vwawa, mama wa kicheko kikubwa lakini mkali ukichezea sabuni. Alinipokea kama binti yake. Watoto waliniita Dada Mkenya. Kila asubuhi walinipangia foleni ya shikamoo mpaka nikaona haya, maana kwetu hatuamkiani hivyo sana. Nikisema "nipatie kikombe," walicheka. "Dada, sema naomba!" Nikawa nasema naomba.

Kati yao kulikuwa na mtoto mmoja wa kike, umri wa kuanza shule, ambaye hakucheka wala kusema. Walimwokota Tunduma, mpakani, kwenye msururu wa malori, na watu wa ustawi wa jamii wakamleta kwetu. Jina lake hakuna aliyelijua. Mama Nzowa akampa jina Neema. Walishamjaribu kwa Kiswahili, kwa Kinamwanga, kwa Kibemba. Kimya. Hakuwa kiziwi, maana mlango ukigongwa aligeuka haraka, akatazama anayeingia, kisha akarudisha macho chini. Alikula kidogo sana. Mama Nzowa alikuwa ameanza kuogopa. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, mtoto huyu anaisha huku tunamwangalia."

Basi Krismasi ikafika. Tulitoka kanisani, watoto wakaanza kukimbizana uwanjani, na Ezekia, kijana wa bodaboda aliyetuletea mizigo, akashusha kreti za soda na kuku waliofungwa miguu. Mama Nzowa akachukua kuku, mimi nikapewa wali. Mchele wa Kamsamba, wenye harufu nzuri, usiotaka mchezo. Kuni zilikuwa zimenyeshewa. Nikapuliza, moshi ukanijaa machoni, machozi yakaanza. Nilisema ni moshi. Niamini, ulikuwa moshi kidogo tu. Nilikuwa namlilia mama yangu.

Mkono ukanipokonya mwiko taratibu.

"Toa huo ukuni mbichi," sauti ikasema. "Moto haubembelezwi kwa machozi."

Alisema kwa Kidawida. Kidawida cha kwetu, cha juu kule milimani, chenye mkato wake. Nilipoinua uso nikaona mama wa makamo, mrefu, amejifunga kitenge, uso wake siujui kabisa. Lakini sauti niliijua. Hata kule kukohoa kidogo kabla ya kukaripia niliijua.

Utaniuliza, hukushtuka? Hapo ndipo ajabu yenyewe ilipo. Sikushtuka. Nilitoa ukuni mbichi, nikamjibu kwa Kidawida, nikasogea apate nafasi. Ilikuwa kama niko jikoni kwetu na mtu wa kwetu ameingia kutoka kisimani. Akapanga kuni, moto ukawaka bila moshi. Akafunika sufuria, akanifuta uso kwa pembe ya kitenge chake, akasema, "Sasa angalia wali wako."

Kisha akaenda barazani alikokaa Neema, akaketi chini kando yake, miguu ameinyoosha. Nilikuwa karibu, nilisikia vizuri. Akasema neno moja tu:

"Bwalya."

Mtoto akainua uso. Akamtazama yule mama, akalala mapajani pake kwa uzito wake wote. Yule mama akaanza kumpapasa mgongo na kumnong'oneza. Watoto wengine wakasogea, mmoja mmoja, wakaketi. Uwanja uliokuwa na kelele ukatulia, hata ungesikia kuku wakikaangwa. Nilisimama na kifuniko mkononi. Sikuogopa. Sijui nikuambieje. Umewahi kuingia mahali ukajikuta unavua viatu bila kuambiwa? Ilikuwa hivyo.

Tukala. Mgeni alipewa paja la kuku na wali mwingi, akala vizuri, akalamba vidole. Kwa hiyo usinieleze habari za kwamba watu wa namna ile hawali. Bwalya alikula kwenye sahani yake, tonge kwa tonge, mpaka Mama Nzowa akageukia ukutani kufuta macho.

Jua lilipoanza kulala upande, mgeni akanyanyuka, akakung'uta kitenge, akaaga. Na wewe unajua desturi yetu. Mgeni hatoki peke yake, husindikizwa. Nikaweka sahani chini, nikatoka naye. Hakwenda kwenye geti. Alizunguka nyuma ya nyumba, penye mwanya kwenye minyaa. Hapo akasimama, akanigeukia.

"Ishia hapo."

"Mama, niache nikufikishe mbele kidogo."

"Nimesema ishia hapo. Umekula, umeshiba. Rudi kwa watoto."

Akapita kwenye mwanya, akaenda. Hakuharakisha. Na mimi nikasimama, nikamtazama mgongo, na moyo ukaniambia: huyo akishapotea hutaisikia tena sauti hiyo. Nikapita na mimi.

Sikiliza sasa. Mkwajuni ni joto. Mwezi ule jasho lilitutoka hata tukiwa tumekaa. Lakini nilipovuka uzio nilipigwa na baridi ya kwetu. Ukungu ulinigusa mikono, nikaona vinyweleo vimesimama. Nikasikia harufu ya mikaratusi iliyolowa. Nikasikia kijito kinachopita chini ya nyumba yetu, na kwa mbali kwaya ya kanisa letu ikifanya mazoezi, wale wazee wanaochelewa kuitikia. Mbele, kati ya migomba, nikaona bati la nyumba yetu, lile lenye kutu upande mmoja. Mlango uko wazi. Mtu anapita ndani akiwa na sinia. Nilikuwa nimefika, unanielewa? Nilikuwa nimefika nyumbani, na mama alikuwepo, na ilikuwa Krismasi. Nikainua mguu.

"Dada!"

Sauti ndogo, ya kukwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Dada! Dada!"

Nikageuka. Bwalya alikuwa amesimama kwenye mwanya wa minyaa, gauni lake jipya limechanika begani, amenyoosha mikono yote miwili. Mtoto ambaye hakuna mtu pale aliyewahi kusikia sauti yake. Nilipotazama tena mbele hapakuwa na migomba wala bati. Kulikuwa na nyasi, na chini ya mguu wangu duara. Udongo wa ukingoni ulikuwa unabomoka na kuporomoka ndani. Niliusikiliza uanguke. Sikusikia ukifika chini.

Mama Nzowa alikuja mbio, akanivuta kwa gauni mpaka ndani ya uzio, akanikalisha chini kama mtoto.

"We binti, una nini? Si nilikwambia huko hakuendeki?"

"Nilikuwa namsindikiza mgeni."

"Mgeni amepita huko?"

Nilikuwa nimemshika Bwalya, na yeye amenishika shingo.

Jioni, sufuria zimelowekwa, tulikaa barazani mimi, Mama Nzowa na Ezekia. Mama Nzowa akasema, "Yule mama ni mtu wa kwetu Vwawa hakika. Amenisemesha Kinyiha cha wazee. Anaongea kama marehemu dada yangu, hasa."

Nikamwambia, "Mama, alikuwa anasema Kidawida."

"Kidawida ndiyo nini?"

"Lugha ya kwetu."

Akanitazama. Tukawaita watoto. Mmoja akasema alimsemesha Kisafwa, kama bibi yake aliyekufa. Mwingine akasema Kindali. Ezekia alikuwa anacheka mwanzoni, kisha akaacha kucheka. Mama yake Ezekia yu hai, anauza nyanya sokoni pale Mkwajuni. Na Ezekia akasema, polepole, "Mimi nilimwona. Nilimpa shikamoo. Lakini hakunijibu. Kwa kweli sijamsikia akisema neno lolote leo, na nilidhani ni bubu."

Mama Nzowa akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, nasi tukamwitikia.

Kesho yake Bwalya aliamka akisema. Kibemba kitupu, maneno yanamtoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. Mama Nzowa alikuwa na wifi yake Tunduma, mama anayefanya biashara na Wazambia, akampigia simu, akamwekea mtoto sikioni. Wakaongea muda mrefu. Mtoto alitaja jina la bibi yake na mtaa wao huko Nakonde, upande wa pili wa mpaka. Ofisi za pande zote mbili zikafanya kazi yake, na mwaka mpya ulipoingia tukapanda gari kwenda Tunduma, mimi, Mama Nzowa na mtoto.

Yule bibi tulimkuta ameshafika kwenye ofisi ya mpakani, amekaa kwenye benchi na kanga begani. Bwalya alimwona kutoka mlangoni akapiga kelele, "Mbuya!" Sitakusimulia walivyokumbatiana. Hata askari aliyekuwa pale alitoka nje.

Bibi akatueleza, na wifi yake Mama Nzowa akitutafsiria. Mama yake Bwalya alikuwa anavuka kuuza nguo Tunduma, mtoto mgongoni, baadaye mtoto kando yake. Akaugua, akafariki. Siku ya mazishi nyumba ilijaa watu, na katika watu wale mtoto akapotea. Alikuwa amekwenda kumtafuta mama yake kule walikozoea kwenda.

Mama Nzowa akauliza kitu ambacho mimi sikuthubutu kukiuliza. "Muulizeni mtoto, siku ile ya Krismasi, nani alimfundisha kuita dada?"

Wakamuuliza. Bwalya alikuwa anakula biskuti. Akajibu bila kufikiri, kama kitu cha kawaida. Nikamwona bibi yake anashika mdomo. Yule wifi akanigeukia mimi, akanitafsiria.

"Anasema mama alimwambia: nikitoka, mwite dada yako kwa sauti, maana atataka kunifuata."

Miaka imepita tangu hapo. Bwalya anasoma, ananitumia sauti yake kwenye simu, na Kiswahili chake sasa ni cha Tunduma, kimechanganyika na Kibemba. Mimi nilirudi Wundanyi. Krismasi nakaa kwenye kiti cha mama na vitunguu nakaanga mimi. Lakini kuna jambo halijaniacha. Mara nyingine nikiwa mahali pa joto, Mombasa labda, au ndani ya basi, ukungu unanigusa mikono na nasikia mikaratusi. Nikisikia hivyo nasimama palepale nilipo, nashika kilicho karibu, mlango, kiti, mkono wa mtu nisiyemjua, mpaka kipite. Na wageni siwasindikizi kupita kizingiti. Shemeji zangu wanasema nina kiburi. Waache waseme.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kula sikukuu mbali na kwenu, na kifua kimekubana, na mtu akaingia jikoni akakusemesha kwa sauti uliyoizika: mpe kiti. Mpe paja la kuku. Mshukuru. Lakini akikwambia ishia hapo, ishia hapo, hata kama mbele yake unaona mlango wa kwenu uko wazi. Mimi nilikuwa na mtoto wa kuniita. Wewe sijui kama utakuwa naye.