Kengele ya Wiebren

Wiebren Hoekema hakuwa mtu wa maneno mengi, na hapa kwetu Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, hiyo ni sifa. Kila baridi ilipouma, yeye ndiye aliyetoboa barafu ya mfereji, akaipima, akasema inabeba au haibebi. Akisema inabeba, kijiji kizima kilivaa viatu vya chuma vya kutelezea barafuni na kushuka. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Ng'ombe wake alishawauza. Neno lake ndilo lililombakia kuwa mali.

Kwenye mashindano yetu ya mferejini alikuwa pia mgonga kengele. Kwingine kote kengele hulia unapoanza mzunguko wa mwisho. Hapa kijijini hulia ikiwa imebaki miwili, eti upepo huwamaliza watu na mtu apewe nafasi ya kujikaza. Nimesema miaka yote kwamba desturi hiyo ni ya kipuuzi, nikaambiwa mimi mtu wa kuja, nimeolewa tu hapa, ninyamaze.

Ubingwa wa dunia ulipofanyika mjini, wakatafutwa watu wa kujitolea, na Wiebren akapewa kengele. Siku ya mita elfu kumi za wanaume kijiji kilihamia ukumbini, kwa sababu Hessel, mwana wa jirani yetu Oepke, alikuwa anashindana. Wiebren ndiye aliyemfundisha kusimama barafuni, akisukuma kiti cha jikoni.

"Mjomba, usije ukasinzia na hiyo kengele," Hessel alimtania kabla ya kuanza.

"We chapa miguu. Kengele niachie mimi."

Mbio ndefu ni kazi ya kubana nguvu. Hessel alibana vizuri mno. Mnorwe aliyepangwa naye, maana huteleza wawili wawili na saa ndiyo huamua, alishaachwa nyuma kabisa, matarumbeta yalikuwa yakilia jukwaani, na Oepke, mtu ambaye hata harusini hakucheka, alikuwa anapiga mayowe. Medali ya dhahabu tuliiona. Imebaki mizunguko miwili. Wiebren akainua mkono, akagonga.

Mazoea yana tabu. Ubao wa hesabu ulikuwa sahihi, lakini mtu aliyechoka namna ile hasomi, husikiliza. Hessel akainama, akamwaga kila alichokuwa amebakiza. Akavuka mstari, akasimama wima, akavua kofia.

"Bado! Bado mmoja! Nenda, we, nenda!" kocha wake akapiga kelele.

Akaenda. Miguu haikuwa yake tena. Alimaliza akiwa wa tano, akaanguka kwenye magodoro ya ukutani. Mwamuzi akasema anaruhusiwa kurudia baada ya mapumziko. Kurudia kilomita kumi! Hessel alikuwa anatapika kwenye ndoo. Mwaka uliofuata hakuchaguliwa, akaacha mchezo.

Hakuna aliyemlaumu Wiebren. Laiti wangemtukana! Dukani walimwamkia, wakamwambia mvua inakuja, wakampisha kwenye foleni. Mkewe, Froukje, aliniambia mumewe anashinda zizini, na zizi halina hata ng'ombe mmoja. Niliwachukia watu wa kijiji hiki kwa adabu yao ile.

Kisha mfereji ukaganda. Wiebren akatoboa, akapima, akasimika barafuni bendera ya klabu, ile anayokaa nayo mpima barafu.

"Inabeba," akasema.

Watu walisimama ukingoni, viatu vimening'inia shingoni. Kina mama wakawashika watoto mikono. Mtu mmoja akauliza kama kahawa iko tayari.

Ndipo Oepke alipotokea na keekee yake mwenyewe. Akapita mbele ya Wiebren, akatoboa tundu hatua moja tu kutoka lile la kwanza, akashusha kijiti, akakisoma.

"Vipi?" mtu akauliza kutoka ukingoni.

"Ni kama alivyosema," Oepke akajibu. "Inabeba. Shukeni."

Wakashuka wote, wakicheka, wakisukumana. Wiebren aling'oa bendera yake, akaikunja polepole, akamnyooshea Oepke. Nilidhani atakataa, atasema acha bwana, weka mahali pake.

Oepke akaipokea.