Bia Tano Nyeusi na Lifti Inayogonga

Alikuwa fundi wa lifti kwa miaka thelathini na minne, na kazini walimwita Sikio. Kabla hajafungua kifuniko cha mashine yoyote alisimama kwanza, akainamisha kichwa, akasikiliza, kisha akasema ugonjwa uko wapi. Siku ya kustaafu walimkatia keki wakampa saa ya ukutani, naye akawarudishia shada zima la funguo zao.

Kufika wiki ya tatu nyumbani, alikuwa amekwisha kaza kila bawaba na kunyamazisha kila bomba. Jumamosi asubuhi mkewe alimkuta amefungua friji lisilo na tatizo lolote, vyakula vyote vimepangwa sakafuni. Mke hakugomba. Aliingia chumbani akampigia simu rafiki wa mumewe, mtengeneza miwani.

"Shemeji, nakuomba umchukue huyu mtu hata kwa saa tatu. Akiendelea kukaa hapa atanifungua na mimi."

Mtengeneza miwani alikuwa mjane, anaishi peke yake ghorofa ya tano. Starehe yake ilikuwa bia nyeusi, hasa zile za viwanda vidogo ambavyo mwenye mali ndiye mpishi. Kwa muda mrefu alikuwa anamshawishi Sikio waonje bila kuona chupa, na Sikio kila mara alikuwa na zamu. Sasa zamu zimekwisha. Saa nane mchana glasi tano zilikuwa mezani, na mtengeneza miwani akamfunga rafiki yake kitambaa usoni.

"Maisha yangu yote nahangaika ili watu waone," alisema huku akikaza fundo, "leo mimi ndiye nakuziba macho. Onja, niambie ladha, kisha toa alama kwa kumi. Mimi naandika. Na usiinuke."

"Nimeinuka saa ngapi?"

"Mara mbili tangu uingie. Na huo mguu, tafadhali. Bia inatikisika."

Sikio akaukanyaga mguu wake wa kulia kwa wa kushoto. Glasi ya kwanza alisema ina kahawa ndani yake, akaipa sita. Ya pili ilimkunja uso.

"Hii mtu kalowesha mkaa. Tatu, na hiyo ni kwa heshima yako."

Kalamu ikaandika. Glasi ya tatu ikawekwa mkononi mwake, naye akaishika tu, hainywi. Kichwa kilikuwa kimeinama upande.

"Vipi?" aliuliza mwenyeji.

"Lifti yenu imeanza lini kugonga?"

"Haigongi. Onja, bwana."

"Sikiliza. Ikisimama inapiga mara mbili. Tumm, halafu tum ndogo. Ile ndogo haitakiwi kuwepo."

"Mimi nasikia mguu wako."

Sikio alivua kitambaa akatoka hadi kwenye korido. Aliibonyeza lifti ikaja, mlango ukafunguka, na hapo hata mtengeneza miwani aliona: sakafu ya lifti ilikuwa imepita sakafu ya korido kwa vidole vitatu. Kikongwe akijikwaa hapo, nyonga imekwenda. Sikio alipapasa mfukoni kutafuta funguo za chumba cha mota. Mkono ulitoka na leso.

Alirudi ndani, akachukua kreti tupu la bia, akaliweka katikati ya mlango wa lifti ili isiondoke. Kisha akapiga simu kazini. Aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, ambaye Sikio mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Nakuja, Mwalimu," alisema. "Lakini nina mwingine mbele yako. Usiguse kitu."

"Nimegusa nini mimi?"

"Nakuomba tu."

Dakika zilikwenda. Sikio alipima korido kwa hatua, akarudi, akalisogeza kreti, akalirudisha palepale. Mara sauti ya mama mmoja ikapanda kutoka chini, "Nyie wa juu, nani ameng'ang'ania lifti? Nina mtungi wa gesi hapa na magoti hayapo." Sikio alishuka ngazi mbilimbili, akaubeba mtungi begani hadi mlango wa yule mama ghorofa ya nne, akapanda tena ya tano akihema, shati limemganda mgongoni. Mtengeneza miwani alikuwa amemtolea stuli na glasi ya nne.

"Utakufa bure. Kaa. Fumba macho."

Sikio aliinywa palepale, nusu kwa mkupuo mmoja.

"Hii ndiyo bia," alisema. "Ina utamu wa mbali, kama sukari guru. Andika tisa."

Fundi alifika baada ya saa moja na nusu, ametundika begi la vifaa begani. Sikio alimfuata hadi kwenye ngazi ya chuma iendayo juu ya paa, akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza. Yule mwanamke akageuka.

"Mwalimu, hapa hupiti. Asiye na kazi humu hapandi. Uliniambia hivyo siku yangu ya kwanza."

Sikio akaushusha mguu. Alisimama chini anauma kucha, kisha akapaza sauti, "Anza na beringi ya mota." Fundi aliposhuka alikuwa anajifuta grisi.

"Beringi ni nzima. Ni breki, imelika. Nimeizima lifti mpaka Jumatatu." Akamtazama usoni kidogo. "Umefanya vizuri kutupigia."

Maneno hayo Sikio alikuwa amewaambia wapangaji wa kila jengo kwa miaka thelathini na minne, na hakuwahi kujua yanavyomwingia anayeambiwa. Alimshukuru. Akaondoa kreti lake.

Ndani, mtengeneza miwani alikuwa amevaa miwani ya kusomea, karatasi mkononi, anajikaza asicheke.

"Glasi ya pili na ya nne," alisema, "zimetoka chupa moja."

"Haiwezekani."

"Nimemimina mwenyewe. Tatu na tisa, bia ileile."

Sikio aliinusa chupa, akaisoma karatasi mara mbili, akaenda dirishani. Chini, gari la kazini lilikuwa linarudi nyuma taratibu kutoka getini. Alilitazama mpaka likapotea kwenye kona.

"Beringi," alisema. "Ningeapa kabisa."

"Kaa basi, ndugu yangu. Imebaki ya tatu na ya tano."

Alikaa. Aliinywa ile ya tatu yote, macho wazi, wala hakutoa alama. Mguu ulianza tena, na safari hii mwenyeji hakuukemea. Baada ya muda Sikio alinyoosha kidole dirishani.

"Hiyo fimbo ya pazia, siku zote imelala upande hivyo?"

Mtengeneza miwani aliiangalia fimbo, akamwangalia rafiki yake. Kisha akainuka kwenda kumtafutia bisibisi.