Fataki Nyuma ya Migongo ya Watu

Siku tatu kabla ya fataki nilikwenda kuupima uwanja kwa futi yangu ya kushonea. Nilimdanganya binti yangu kwamba naenda kwa jirani kuchukua vifungo, maana angejua angetaka kunisukuma, na kusukumwa ndiko nilikokuwa nakukimbia.

Mambo yalikuwa hivi. Binti yangu alikuwa amepata kazi Kasanga, bandarini, awe karani wa mizigo inayovuka ziwa kwenda Kongo na Zambia. Walimtaka ajibu Jumatatu. Akaniambia, bila kunitazama usoni, kwamba atakataa. "Nani atakutoa nje, mama?" Tangu bodaboda inigonge na miguu ikafa, miaka miwili sasa, sikuwa nimekwenda popote pa maana bila mikono yake nyuma ya kiti changu cha magurudumu. Nikamwambia sikiliza. Jumamosi wanafungua ule uwanja wa michezo ya watoto, na jioni watarusha fataki. Nitaingia peke yangu, nitazitazama, nitatoka peke yangu. Wewe utasimama getini. Nikiweza, unakwenda Kasanga. Nikishindwa, sitakusumbua tena na habari za kazi.

Akakubali haraka mno. Nilijua anaamini nitashindwa, na hilo ndilo lililonipandisha hasira.

Basi asubuhi hiyo nikajivuta kutoka nyumbani kwetu Chanji, saa nzima kwa njia ambayo mwenye miguu anaimaliza kwa dakika kumi. Mlinzi wa uwanja, kijana mdogo tu, alinipigapiga begani kama mtoto wa chekechea. "Mama, umekuja na nani?"

"Nimekuja na futi," nikamjibu.

Niseme ukweli, kule kupigwapigwa begani kuliniuma kuliko swali. Mimi ni mzaliwa wa kijiji cha Kate. Kwetu Wafipa kijana akimkuta mkubwa, kijana anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anasalimia, halafu anabaki palepale chini mpaka mkubwa amalize kumuuliza habari zote. Miaka yote nikiwa nimesimama kwenye meza yangu ya ushonaji walinichuchumalia. Tangu nikae kwenye kiti wameacha. Labda wanaona nimeshakuwa chini, wachuchumae wapi tena.

Mlinzi akanionyesha mahali palipotengwa kwa ajili yetu walemavu. Pazuri, pamefagiliwa, kando ya viti vya wageni waalikwa, na juu yake turubai kubwa la bluu. Nikaliangalia lile turubai, nikamwangalia yeye.

"Fataki zitapita chini?"

Akakuna kichwa. Nadhani hakuna aliyewahi kukaa pale akatazama juu.

Nikaanza kazi. Kilango cha watu kilikuwa inchi ishirini na nne, kiti changu ishirini na tano, kwa hiyo nitapita lango la magari. Mbele ya bembea wamemwaga kokoto, na magurudumu yangu ya mbele yakazama, nikatoka pale kwa kusali. Mwisho nikapaona. Kando ya simtanki kulikuwa na sakafu ya saruji iliyoinuka kidogo, na upande mmoja udongo umeshindiliwa ukawa mteremko. Nikapanda na kushuka mara tatu. Mbele yake kulikuwa wazi kabisa mpaka kwenye kiwanja cha kurushia. Nilirudi nyumbani viganja vimechubuka, moyo umetulia.

Jumamosi kulikuwa na ule upepo wetu wa mwezi wa saba unaopita kwenye sweta kama halipo. Binti yangu aling'ang'ania vishikio vya kiti mpaka getini.

"Achia," nikasema.

Akaachia kidole kimoja kimoja.

Nilipita lango la magari, nikakwepa kokoto, nikapanda kwenye saruji yangu. Giza lilikuwa ndiyo kwanza limeingia, lakini taa za getini zilikuwa zinawaka na nilimwona vizuri, kofia yake ya manjano. Nikampungia. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na nilikuwa malkia wa simtanki.

Halafu mtangazaji akawaambia watu wasogee.

Walikuja kama mahindi yanayomiminwa guniani. Vijana wakapanda saruji, wakajaa mbele yangu, kulia kwangu, wengine wakasimama wameegemea magurudumu yangu. Nilikuwa nimeupima uwanja mtupu. Fundi gani anapima nguo bila mwenye nguo? Nilijitukana kimoyomoyo kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Ya kwanza ikalipuka. Watu wote wakaguna kwa raha, na mimi nikaona mgongo wa koti jekundu lililofumuka mshono begani. Ule mshono niliuona vizuri sana. Ya pili, mshono ukawa wa kijani.

"Jamani, naomba nione," nikasema. Muziki ulikuwa juu. Nikasema tena, kwa sauti ya kukaripia wateja. Kijana mmoja akageuka, akaona kiti, akashika vishikio. "Poa mama, twende nikupeleke kwenye turubai la wenzako."

"Usiguse kiti changu."

"Nakusaidia tu, mama."

Na kweli alikuwa anasaidia, hilo ndilo baya lake. Kiti kikaanza kwenda. Nikadaka bomba la simtanki kwa mikono miwili. Kupitia uwazi wa miguu ya watu nikaona getini, na kofia ya manjano haikuwepo getini tena. Ilikuwa inakuja. Nilishikwa na hofu ambayo sikuipata hata siku ya ajali. Akinikuta ninasukumwa na mgeni, nimening'inia kwenye bomba, Kasanga imekwisha.

Sijui wazo lilitoka wapi. Niliachia bomba nikapiga makofi, yale makofi ya salamu, lakini kwa nguvu, na nikasema kwa Kifipa kwamba nimekaa hapa tangu saa moja na hakuna mtoto wa mtu aliyenisalimia.

Koti jekundu likageuka. Kumbe ni binti, mwenye sura ya kwetu kabisa. Akaniangalia, akaona nywele zangu nyeupe, na aibu ikampata. Akachuchumaa. Wenzake wawili wakamwangalia wakachuchumaa. Yule aliyeshika vishikio akaviachia, akaja mbele, akachuchumaa naye. Mmoja baada ya mwingine, shikamoo, shikamoo, shikamoo.

"Marahaba," nikasema, na sikuwaruhusu kunyanyuka. Mama hajambo? Baba je? Mahindi mmevuna? Ng'ombe wanapata majani? Na bibi, ule mguu wake umepona? Sikuwa namjua bibi wa mtu yeyote pale. Niliuliza huku nimeinua kidevu, na juu ya vichwa vyao mbingu ya Sumbawanga ikafunguka nyekundu, ikafunguka ya dhahabu, mpaka ya mwisho. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Watu walipopungua nilimwona binti yangu amesimama hatua chache kutoka kwenye saruji. Sijui alikuwa pale tangu lini. Nikashuka mteremko mwenyewe. Akanisubiri chini, na nilipomfikia akachuchumaa, akapiga makofi taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za Kasanga?"

"Njema. Jumatatu nawapigia."

Tukarudi nyumbani bega kwa bega. Mikono yake haikujua pa kukaa. Aliitia kwenye mifuko ya sweta, akaitoa, akaifumbata nyuma, akaitia tena. Viganja vyangu vilikuwa vinawaka malengelenge, na nilitamani anisukume, hata mpaka kwenye kona tu. Sikumwambia.