Pazia Limefunga

Juzi nilikuwa soko la mitumba pale Shinyanga mjini, nimeinama juu ya robota la nguo lililofunguliwa punde, mkono wangu ukagusa kitambaa kizito. Nikakivuta. Lilikuwa pazia la kijani lenye maua makubwa ya njano. Nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akaniuliza, "Vipi mama, umeokota dhahabu?" Nikamwambia kwamba pazia kama hilo liliwahi kushinda kikombe. Akanitazama kwa huruma, kisha akageukia wateja wengine. Wewe una nafasi, kaa nikueleze.

Nilikuwa darasa la sita, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati bidhaa zilipoadimika. Ukienda duka la ushirika unakuta rafu tupu na muuzaji anasinzia juu ya kaunta. Sabuni hakuna, tukafulia majani ya mpapai. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Songwa, na kila ulikogeuka ni pamba. Tuliipanda, tukaipalilia, tukaichuma mpaka vidole vikachubuka, malori yakaondoka yamejaa hadi juu. Lakini kitambaa cha kushona gauni, hata cha kufunga kidonda, hatukukiona.

Bibi yangu, ndiye aliyenilea, hakujua neno kutupa. Kopo la maziwa kwake lilikuwa koroboi. Tairi lililokwisha lilikuwa viatu. Gunia likichoka kubeba mpunga lilitandikwa chini, likichoka kukaliwa liliziba dirisha. "Kitu hakizeeki," alikuwa akisema, "kinabadilisha kazi tu." Nguo kuukuu za watu alizinunua bila haya, akazifumua, akazigeuza nje ndani, na ukimwona Jumapili anakwenda kanisani ungedhani ametoka dukani.

Mwaka huo timu yetu ya mpira wa pete ikaingia fainali ya wilaya. Shule yetu ilikuwa haijawahi kufika huko. Mimi nilicheza katikati, nafasi ya herufi C, na miguu yangu ilikuwa myepesi kuliko akili. Tulikuwa tumezoea kucheza na vigauni vyovyote, mwingine chekundu, mwingine chenye viraka. Siku moja mwalimu wetu wa michezo akatuita chini ya paa la ofisi. Sauti yake ilikuwa nzito.

"Fainali ni mjini," akasema. "Timu isiyo na sare haiingii uwanjani. Nimezunguka kila duka, wanangu. Kitambaa hakuna."

Nilifika nyumbani nalia kwa kwikwi. Bibi alikuwa uani anakata viazi vya michembe, vipande vyeupe vimetandazwa juu ya mkeka vikinukia utamu wa jua.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, bibi. Hatuchezi fainali. Hatuna sare."

"Kama hakuna aliyekufa, futa machozi. Kesho ni mnada."

Kesho yake tukaenda mnadani, bibi amembeba kwapani jogoo wake mwekundu, fahari ya boma letu. Tukapita ng'ombe, tukapita wauza nyama choma, mpaka kwa mzee mmoja aliyeuza vitu chakavu vilivyotolewa kwenye nyumba za wageni za mgodi wa almasi: vitanda vya chuma, masufuria yaliyotoboka, mablanketi yenye matundu. Chini kabisa kulikuwa na mapazia mawili marefu ya kijani, yenye maua makubwa ya njano. Bibi akayainua kwenye mwanga, akayanusa, akayavuta kwa nguvu zake zote.

"Jua limekula ukingo tu," akasema. "Mwili wake mzima."

"Mayu, mama yangu, nyumba yako ina madirisha mangapi?" yule mzee akauliza akicheka.

"Saba. Na yote yana miguu."

Jogoo akabaki pale, mapazia yakaja nyumbani.

Jirani yetu alikuwa mjane mwenye cherehani ya mkono, iliyolia kama mbuzi aliyefungwa. Alipotandaza yale mapazia akashika kiuno, akamwambia bibi, "Mama Shija, nguo ninaiona. Uzi uko wapi?" Maana uzi nao haukuwepo. Basi tukakaa uani, wachezaji wote saba pamoja na bibi, tukafumua mapindo polepole, sentimita kwa sentimita, na uzi tulioupata tukauviringisha kwenye magunzi ya mahindi. Ukikata uzi, bibi alikugusa kisogo kwa kidole. Tulikula michembe kwa karanga, tukaimba, jirani akakata na kushona. Ule ukingo uliopaushwa na jua hakuuacha. Akauweka chini ya kila gauni, ukawa utepe mweupe wa pindo, kama vile umekusudiwa tangu kiwandani. Herufi za kifuani zikatoka kwenye suruali nyeusi ya marehemu babu.

Tulikwenda mjini juu ya lori la pamba, tukiimba, na akina mama wa kijiji wamejazana nyuma yetu. Wapinzani wetu, wasichana wa shule ya mjini, walivaa sketi mpya zenye marinda. Walipotuona wakashikana mabega kwa kicheko.

"Funga pazia! Funga pazia, jua linaingia!"

Uwanja mzima ukadakia. Nilihisi masikio yanawaka moto. Mwalimu wao akamwendea mwamuzi, mama mnene mwenye filimbi shingoni, akadai tuondolewe. Mwamuzi akatugeuza mmoja mmoja, akashika mapindo, akatazama mishono.

"Kanuni inataka sare," akasema. "Hizi hazifanani?"

"Zinafanana, lakini ni mapazia!"

"Basi ni mapazia ya sare. Ingieni uwanjani."

Sijawahi kukimbia vile tena maishani. Walitutangulia, tukawafikia, wakatutangulia tena. Vumbi lilikuwa kooni, jasho machoni, na lile gauni zito halikuachia hata mshono mmoja. Dakika za mwisho tulikuwa sawa kwa sawa. Niliudaka mpira uliopotea, nikamrushia mfungaji wetu, binti mrefu wa mchunga ng'ombe, aliyesimama chini ya goli ametulia kama twiga. Akarusha. Mpira ukazunguka juu ya pete, ukasita, ukatumbukia. Filimbi ikalia.

Kisha nikasikia sauti ya bibi yangu, kali, kutoka pembeni:

"Pazia limefunga!"

Akina mama wakaipokea kwa vigelegele. Pazia limefunga! Pazia limefunga! Hata wenyeji wa mjini wakacheka na kuimba nasi. Mwalimu wetu alilia hadharani. Jirani yetu fundi alikuwa akimwonyesha kila mtu mikono yake. Na bibi, nilipomkimbilia na kikombe, alinikumbatia akasema "wabeja", asante kwa Kisukuma, kana kwamba mimi ndiye niliyempa yeye kitu.

Uwanja ule sasa una maduka ya simu. Cherehani haipo, fundi hayupo, na wale akina mama wengi tumewazika. Watu wakati mwingine huniuliza kwa nini sikuweka angalau gauni moja la ukumbusho. Lingewekwa vipi? Yalivaliwa na wadogo zetu, kisha na wadogo zao. Yalipochakaa yakawa mbeleko, yakawa kata za kubebea ndoo, mwishowe yakafuta ubao darasani mpaka yakawa nyuzi. Hakuna kipande kilichotupwa. Yaliisha kwa kutumika, kama alivyoisha bibi yangu, na mimi sijui mwisho mwingine wenye heshima kuliko huo.