Kaske Mpya na Upande wa Akina Mama

Kununua kitu kizuri kunachosha kuliko kununua kibaya. Kibaya unakiokota tu, unalipa, unarudi nyumbani ukijua hakitadumu. Kizuri kinataka ukae, uulize, ulinganishe, na mimi wakati ule sikuwa na nguvu hata ya kubishana juu ya fungu la nyanya. Asubuhi nilikuwa darasani, mbele ya watoto wengi kuliko madawati. Jioni nilifundisha kwaya ya parokia yetu hapa Baraka. Jumamosi nilipanda pikipiki kwenda Mboko, ambako kuna kwaya ndogo isiyo na mwalimu. Kila mtu aliniita Mwalimu, na mimi nilikuwa nimeshalichoka hata jina lenyewe.

Kilichonipeleka dukani ni wimbo mmoja. Kwaya ya Kazimia ilikuwa imetunga wimbo mpya wa sauti nne, na kwaya zote za kando ya ziwa zilitakiwa kwenda kuuimba pamoja nayo huko huko Kazimia. Wimbo wenyewe ulikuja kwa boti, ndani ya kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu iliyofungwa kwenye kipande cha karatasi. Kwetu hatusomi nota. Mwalimu ndiye nota. Anausikiliza wimbo mpaka azishike sauti zote nne, kisha anawaimbia watu wa kila sauti sehemu yao. Asipoishika yeye, hakuna mwingine wa kuishika. Na kamati ya kwaya ilikuwa imeanza kuniambia kwa upole, upole ule unaotisha, kwamba labda wakati umefika nipumzike. Nilijua maana yake. Nilikuwa nalalamika kila siku kwamba nimechoka, kweli, lakini kwaya ndiyo kazi pekee iliyokuwa inanichosha na bado naipenda. Sikutaka kunyang'anywa.

Lazima nieleze tunavyorekodi, maana hapo ndipo nilipopotelea. Kwaya za huku zinarekodi zikifuata namna watu wanavyosimama mbele ya mwalimu tangu zamani: wanawake, yaani sauti ya kwanza na ya pili, upande wake wa kushoto, wanaume, sauti ya tatu na ya nne, upande wa kulia. Ukivaa vya kusikilizia, akina mama wanaimba katika sikio la kushoto, akina baba katika la kulia. Desturi hiyo ilizaliwa na uhaba wa vifaa. Watu wawili wanagawana vya simu moja, mama anachomeka cha kushoto, baba cha kulia, kila mmoja anajifunza sehemu yake. Nimekutana mara nyingi na mke na mume wakitoka shambani hivyo, mihogo kichwani mwa mke, jembe begani mwa mume, waya mmoja umewaunganisha, na kila mmoja anaimba yake njia nzima. Kwa hiyo hakuna anayegeuza. Kushoto ni kwa akina mama, hata mtoto mdogo anajua.

Mimi nilikuwa na vile vidogo vya kuchomeka. Muda wangu wa kusikiliza ulikuwa mmoja tu, juu ya pikipiki ya Mboko, ambako hakuna mtu wa kuniita. Barabara ile inatikisa mpaka meno, vumbi linaingia kila mahali, na upepo wa ziwa unavuma kuliko wimbo. Wanaume niliwasikia hata hivyo. Wanawake walikuwa kama wako ng'ambo ya ziwa, na sauti ya pili ilipotea kabisa. Nikanunua vidogo vingine, mambo yakawa yale yale. Vingine tena, vile vile. Nikavilaani vyote.

Kuhusu masikio yangu sikuwa na wasiwasi, na nilikuwa na ushahidi. Zamani, kweli, nilikuwa nawapigia kelele akina mama wa sauti ya pili kila jioni wapandishe sauti. Kisha wakaja wakaomba wahamie upande wangu wa kulia, wabadilishane na wanaume. Walisema jua la dirisha la ziwani linawachoma macho. Nilinung'unika, maana kupanga watu upya ni kazi, lakini nikakubali. Tangu siku hiyo waliimba vizuri ajabu. Niliwasikia wote, hata yule anayechelewa kuvuta pumzi. Niliwasifu mbele ya watu. Basi ikiwa kanisani nawasikia vizuri na kwenye waya hawasikiki, ubovu uko wapi? Uko kwenye waya. Nikaamua kununua kaske, ile kubwa inayofunika masikio mawili na kupita juu ya kichwa.

Duka nililokwenda ni la mama mmoja wa familia ya wenye maboti, Waislamu wa hapa hapa ziwani. Anauza vitu vya simu karibu na soko. Alikuwa ameketi na ushungi wake, anamenya karanga. Akaweka kaske ya kwanza juu ya meza, nyekundu, inawaka taa.

"Hii njo vijana banapenda, Mwalimu. Inapiga mupaka kwa tumbo!"

"Mama, mi natafuta kusikia bantu. Ngoma niko nayo kwa kanisa."

Nilikuwa na masharti yangu. Sikutaka isiyo na waya, maana kuchaji kwetu kunategemea jua na jua halina ratiba. Nilitaka waya unaochomoka, kwa kuwa waya ndio unaokufa kwanza, pale shingoni. Nilitaka ikunjwe iingie mfukoni mwa begi, ishike kichwa bila kukikaba. Nikaivaa ile nyekundu nikaanza kutikisa kichwa huku na huku kwa kipimo cha barabara ya Mboko.

"Unacheza ngoma ya wapi hiyo?" mama akauliza, akacheka mpaka karanga zikamwagika.

Nikachomeka simu yangu, yenye kadi ya Kazimia. Wanaume wakaja kwa kishindo. Wanawake hakuna. Nikaivua.

Ya pili ilikuwa nyepesi, ina sponji laini, ningeweza kuivaa kutwa nzima. Lakini ilivujisha sauti nje. Mteja aliyekuwa ananunua chaja akaanza kuimba pamoja nami sehemu ya sauti ya tatu. Wanawake bado walikuwa mbali. Ya tatu ilikuwa nyeusi, imeshatumika, ngozi yake imepasuka kidogo, lakini ilikaa kichwani vizuri na waya wake ulichomoka. Ilifunga kelele za soko nje nikastarehe kwa mara ya kwanza wiki ile. Nikafumba macho. Sauti ya nne safi, ya tatu safi. Kushoto, mnong'ono.

Nilichoka. Sijui nieleze vipi uchovu ule, ningeweza kulala juu ya meza ya yule mama.

"Mama, na hii iko mubaya. Upande ya kushoto imekufa."

Hapo akaacha karanga zake.

"Kaske tatu zote zikufe upande moja? Mi niko nauzisha maiti?"

Akaichukua, akaiinua juu ya ushungi wake, akasikiliza. Nilimwona anatikisa bega.

"Bamama iko banaimba muzuri sana. Tena banalalamika. Geuza, Mwalimu."

"Haigeuzwaki. Kushoto ni ya bamama."

"Nimesema geuza."

Akanivisha yeye mwenyewe, kinyume. Wanawake wakaniingia sikio la kulia wote kwa pamoja. Sauti ya pili niliyoitafuta miezi yote ile ilikuwa pale, imenyooka, inashuka pale ambapo sikuwahi kufikiri itashuka. Na upande wa kushoto wanaume wakawa mnong'ono. Sauti ya nne, ya watu wenye vifua vya kuvuta boti, ikawa kama mtu anayeimba usingizini.

Niliogopa. Sitasema jambo jingine, niliogopa sana. Miaka yote spika ya kinanda chetu imesimama kushoto kwangu, na mimi nilijivunia kwamba kelele zake hazinisumbui tena. Yule mama alinitazama usoni, akanisogezea kigoda, akanimwagia karanga mkononi.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Utanunua kweli?"

"Nitanunua."

Nilichukua ile nyeusi. Jumamosi, kwenda Mboko niliivaa inavyotakiwa, nikajifunza wanaume. Kurudi niliigeuza, nikajifunza wanawake. Dereva akanigeukia akaniambia, "Papa, umevaa kinyume." Nikamwambia najua. Tulipokaribia Baraka sauti zote nne zilikuwa kichwani mwangu, kila moja mahali pake. Nilipaswa kufurahi. Nilichofikiri njia nzima ni nitakavyowaambia kwaya, na kwamba nikiwaambia, kamati itapata neno ililokuwa inalitafuta.

Jioni iliyofuata niliingia kanisani nikiwa bado sijaamua. Walikuwa wamesimama tayari, wanawake kulia kwangu, wanaume kushoto. Nikainua mkono kuwaanzisha, na macho yangu yakaenda kwenye lile dirisha. Linatazama ziwa. Kwetu jua linatoka ziwani na kuzama nyuma ya milima. Sisi tunafanya mazoezi jioni. Maji kule nje yalikuwa yameshaingia kivuli, na dirishani hapakuwa na jua lolote, wala halijawahi kuwako saa ile tangu kanisa lijengwe.

Nikaushusha mkono. Mbele ya sauti ya pili alikuwa amesimama mama mkubwa wao, muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni, ambaye ndiye aliyekuja kuniomba wahame.

"Mama," nikamwuliza polepole, "ile jua yenye ilikuwa inabachoma macho iko wapi?"

Akatazama dirisha, akatazama wenzake. Hakuna aliyecheka. Akanisogelea, akapita upande wangu wa kulia, karibu kabisa, ili wanaume wasisikie.

"Tulikuona haukuwa unatusikia, Mwalimu. Tukasema tukuje huku. Hatukupenda bakuondoshe."

Kisha akarudi mahali pake, akanyoosha kitenge chake, akasubiri kama wengine. Nilijifanya natafuta kitu ndani ya begi. Nikaivua ile kaske shingoni nikaiweka juu ya benchi. Halafu nikawageukia akina mama, nikaanza na sauti ya pili.