Chale za Mama

Asubuhi ile mama alikuwa anachemsha mawese nyuma ya nyumba, kijijini kwetu upande wa Kongo, huku akinisema kwa kulala mpaka jua limepanda. Mwanaume mzima, alisema, unaamshwa na harufu ya chakula. Nilicheka. Nilikuwa fundi cherehani, na wateja wa fundi hawaji alfajiri.

Wenye bunduki walifika kabla mawese hayajapoa.

Walitaka niwataje vijana waliowalisha maadui zao. Sikuwajua. Walinipeleka kwenye darasa la shule, wakanifunga viwiko kwa nyuma.

Mama alinifuata na sufuria ya ugali. Nilimsikia akiniita mlangoni.

Halafu risasi moja.

Sitaeleza yote ya mle darasani. Walitumia kamba, na chuma walichokitia motoni. Mapigano yalipokaribia wakakimbia, wakaniacha. Nilivuka ziwa, nikapita Zambia, nikaingia Tunduma, na hatimaye padri mmoja wa Mbalizi akanipokea. Mama sikumzika.

Waliosikiliza ombi langu la hifadhi walitaka uthibitisho wa daktari. Wasiponiamini, narudishwa kule kule. Padri akanipeleka Mbeya mjini kwa daktari mmoja, mama wa makamo, mwenyeji wa Iringa. Kulikuwa na baridi kali. Kabla ya lolote alikumbatia kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili mpaka vikapata joto, kisha akasema, "Kaka yangu, naomba nikushike mkono. Ukisema basi, naacha."

Nilimpa mkono. Wengi walikuwa wameushika mwili wangu, na hakuna aliyewahi kuomba. Nilimtazama yule mama kama mtu anayeona mlima kwa mara ya kwanza.

Alipitisha kidole juu ya makovu polepole, kama mimi ninavyokagua mshono. Hapa ilipita kamba, alisema kabla sijamwambia. Hapa ni moto. Nilistaajabu. Ngozi yangu ilikuwa inasema yale ambayo mdomo wangu ulishindwa, na kumbe yupo mtu anayeielewa.

Kisha akafika kifuani, kwenye chale, mikato midogo ya utotoni.

Akiandika kwamba ni ya wembe wa wale wenye bunduki, atakuwa ameandika uongo. Uongo mmoja ukigundulika, nani ataamini mengine?

Hakuandika. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Hizi zimepangwa mbili mbili," alisema, "na aliyechanja hakwenda ndani. Hata mimi ninazo, bibi yangu alinichanja kule Kalenga. Wewe nani alikuchanja?"

"Ni mama njo alinichanja," nilisema kwa Kiswahili cha kwetu Kongo. "Nilikuwa mtoto, kifua kilinibana."

"Basi hizi si za vita, kaka yangu. Hizi ni za kukuponya."

Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu darasani. Hakuniharakisha. Chai yake ilipoa mezani.

Hifadhi nilipata. Nashona sare za shule hapa Mbalizi, ingawa viwiko havinyooki na gunia la mpunga silinyanyui. Hayo nimeshayazoea. Ila kaburi la mama silijui, na picha yake hata moja sina. Asubuhi za baridi nikioga, kifua nakiosha mwisho, na kabla ya kukigusa napasha viganja joto kwanza.