Makuti Niliyoyahamisha kwa Ajili ya Picha

Nitawaambia, lakini msinitazame usoni, kwa sababu mpaka leo nikikaribia njia ile ninashuka kwenye baiskeli na kuzungukia nyuma ya soko, mtu mzima mwenye diplome, kama mwizi wa kuku.

Yote yalianza na ubishi. Rafiki yangu Dédé alisema Kisangani hakuna automne, majira ya majani kuanguka, miti ya Ulaya peke yake ndiyo inayogeuka rangi, na mimi (mnanijua, mtu akisema jua linawaka nitamuuliza kama amelishika) nikamwambia kuna badamier mmoja, ule mkungu, mbele ya lopango, ua wa nyumba ya maman Bolumbu, mvua zikipungua majani yake yanakuwa mekundu kama pilipili kabla ya kuanguka, nitakuletea picha, utanyamaza.

Nikaenda asubuhi na apareyi ya picha ya kuazima. Mti ulikuwa unawaka. Lakini kila nilivyosimama, makuti mawili mabichi ya mchikichi yalikuwa mbele yake, yamesimikwa mlangoni. Nilijua maana yake, kila mtu wa hapa anajua: hapa kuna matanga, mgeni aingie bila kuuliza. Wenyewe walikuwa wamekwenda morgue kuchukua maiti, lopango kimya. Nikajiambia, makuti ni nini? Majani tu. Nikayang'oa, nikavuka njia, nikayachomeka kwenye udongo laini wa mlango wa tonton Asumani, kidogo tu, nitayarudisha.

Kumbe picha haina kidogo tu. Wingu likapita, nikangoja mwanga, nikaingia kichochoroni kutafuta upande mwingine, hatimaye nikalala kifudifudi ili nyaya za umeme zijifiche nyuma ya matawi, na hapo ikakaa: mti mzima, njia tupu, wekundu chini. Nikasikia kilio.

Walikuwa wageni wa matanga kutoka Yanonge, wametoka mtoni moja kwa moja, hawajui nyumba, wameambiwa tu mtaa na makuti. Na tonton Asumani, rafiki wa baba yangu, alikuwa ametoka hospitali juzijuzi. Asubuhi ile ndiyo kwanza aliomba uji mwenyewe. Walimkuta uani kwenye mkeka, amefunikwa shuka jeupe kwa sababu ya nzi. Wakamwangukia.

Nilipofika alikuwa amejiinua kwa kiwiko.

"Banalilia nani?"

Akamgeukia binti yake.

"Zaina, banalilia miye?"

Maman muuza mikate akanyoosha kidole kutoka njiani. "Iko ule wa apareyi! Nilimuona anangoa makuti, nikazani banamutuma!"

"Juu ya foto ya muti?" Zaina aliniuliza polepole. "Papa anaanza kukula leo, weye unamupandia matanga mu mulango?"

Nami nikasema (hata leo sijui ulimi ulitoka wapi), "Bon, Zaina, ni majani tu." Mama mmoja wa Yanonge akanizaba kofi, nikaona mti ule mwekundu mara mbili. Nikayang'oa makuti mbele ya mtaa mzima, shati limejaa udongo, watoto nyuma yangu wakiimba "Foto! Foto!", na nilikuwa bado ninayasimika kwa maman Bolumbu gari lenye jeneza lilipofika, likapiga honi nipishe.

Tonton alirudisha uji bila kuuonja. Kesho yake pia. Daktari alisema ini lilikuwa limekwisha zamani, na ninamwamini; nilimuuliza, nikarudi nikamuuliza tena. Jambo moja tu sikuthubutu kumuuliza, mtu aliyekwisha kusikia kilio chake atakula uji wa nini.

Alipokufa, badamier ulikuwa umebaki matawi matupu. Nilikwenda matangani, nikasimama mwisho kabisa. Zaina akanifuata, akanipa makuti mikononi.

"Simika weye. Unajua fasi yake."

Mashimo yangu yalikuwa bado pale.

Picha ni nzuri, Dédé alinyamaza kweli. Sijaionyesha kwa mtu mwingine. Siku hizi kitu kikiwa mbele ya apareyi yangu ninakiacha kilipo; ninasogea mimi, na nikikosa pa kusogea ninarudi nyumbani.